Kuboresha Khukuri ya Nepal: Mwongozo Kamili wa Fundi, Kuanzia Kuchagua Feleji hadi Kutengeneza Ala

Khukuri ni kisu kikubwa cha Nepal kilichopinda, na nyingi zinazofuliwa leo kwa ajili ya watalii na wakusanyaji wa silaha zina kasoro moja inayozaa karibu nyingine zote: zimebebeshwa chuma mahali ambapo chuma hakifanyi kazi. Mgongo una unene wa milimita 10 au zaidi kuanzia kwenye mpini hadi karibu na ncha, uzito unapita gramu 800, mpini ni mfupi kuliko kiganja cha mtu mzima, na mnunuzi huambiwa kwamba unene huo ndio uimara wenyewe. Khukuri za karne ya 19 zilizosalia zinaonyesha kinyume. Mgongo wake huwa mnene shingoni, kisha hupungua taratibu hadi kwenye ncha, na kisu kizima ni chepesi kiasi kwamba mkulima aliweza kukitumia tangu asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kuboresha khukuri ni kurejesha ustadi uliokuwapo, kisha kuuongezea mambo machache ambayo wahunzi wa zamani hawakuwa nayo, yaani feleji ya mchanganyiko unaojulikana, kipimajoto, na gundi isiyoyeyuka juani.

Mwongozo huu unamlenga fundi anayejua tayari kutumia tanuri, fuawe na tupa. Mtu anayeagiza khukuri kutoka Nepal bila kuifua mwenyewe anaweza pia kuufuata ili ajue maswali ya kumuuliza mhunzi wake, na hasa vipimo vya kumwandikia.

Kisu chenyewe kilivyo

Khukuri hufuliwa na wahunzi wa jamii ya Kami, ambao wengi wao huitwa Bishwakarma, kwa jina la mungu wa mafundi katika dini ya Kihindu. Bhojpur, Chainpur na Dharan, mashariki mwa Nepal, ni miongoni mwa mahali palipojipatia sifa kwa kazi hiyo. Khukuri inayosemekana kuwa ya Drabya Shah, aliyetwaa ufalme wa Gorkha mwaka 1559, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mtaani Chhauni, Kathmandu. Waingereza waliifahamu vizuri katika vita vyao na Nepal vya 1814 hadi 1816, wakaanza kuwaandikisha jeshini Wanepali waitwao Wagurkha, na tangu hapo kisu hiki kimezunguka dunia pamoja na askari hao. Hata katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, vikosi vya Kashmir vilivyoingia mjini dhidi ya Wajerumani vilikuwa na Wagurkha ndani yake. Sifa hiyo ya vita imeipotosha khukuri kwa kiasi fulani, kwa sababu nyumbani kwake ni kifaa cha kupasulia kuni, kufyekea vichaka, kuchinjia mbuzi wakati wa sikukuu ya Dashain na kukatia nyama jikoni. Fundi anayewaza vita tu hutengeneza kisu kizito kisichofaa kwa kazi yoyote kati ya hizo.

Umbo lake lina mantiki. Ubapa umepinda kuelekea upande wa makali, na sehemu pana zaidi, ambayo nitaiita tumbo, iko karibu na theluthi ya mwisho. Mpindo huo huyafanya makali yakutane na mti kwa mshazari, hivyo pigo moja hukata na kukereza kwa wakati mmoja, ilhali kifundo cha mkono kinabaki kimenyooka. Uzito ulioko mbele huongeza nguvu ya pigo. Sehemu iliyo karibu na mpini, ambayo karibu imenyooka, ni ya kuchongea. Ukiyabadilisha mambo hayo matatu utakuwa umetengeneza kisu kingine. Mengine yote yaweza kujadiliwa.

Hatua ya kwanza: amua kazi, kisha kata kigezo

Usianze na moto. Andika kwanza kisu ni cha nani na ni cha kazi gani. Sirupate, nyembamba na ndefu, inafaa kwa vichaka na matawi mabichi, ilhali aina ya Bhojpur yenye tumbo pana inafaa zaidi kwa kuni ngumu. Kwa kisu cha kazi mchanganyiko napendekeza ubapa wa sentimita 26 hadi 28, mpini wa sentimita 12.5 hadi 13, upana wa tumbo usiozidi sentimita 5, na uzito wa gramu 450 hadi 600 bila ala. Unene wa mgongo uwe milimita 8 mbele kidogo ya mpini, milimita 5 juu ya tumbo, na milimita 3 unapokaribia ncha. Vipimo hivyo vitatu vya unene vina uzito mkubwa kuliko kipimo kingine chochote katika mwongozo huu. Anayeagiza khukuri kwa barua aviandike vyote vitatu, kwa sababu akitaja unene mmoja tu atapokea kisu chenye unene huohuo kote.

Chora umbo kwenye karatasi ngumu, likate, ulishike mkononi na kupiga nalo hewani. Ncha isishuke mno chini ya mstari wa mpini, kwani mpindo uliozidi hukifanya kisu kijigeuze kiganjani kila kinapogonga mti. Ukiridhika, hamishia mchoro kwenye bati. Karakana nyingi hufua kwa jicho na mazoea, na jicho la mhunzi mzoefu ni la kuheshimiwa, lakini kigezo cha bati ndicho kinachomwezesha fundi kurudia leo kile kilichofanikiwa jana.

Hatua ya pili: chagua feleji unayoijua

Kwa miongo mingi wahunzi wa Nepal wametumia springi za malori na magari. Uchaguzi huo ni wa busara, kwani springi nyingi za namna hiyo ni feleji yenye kaboni karibu asilimia 0.6 pamoja na kromiamu kidogo au silikoni, na huvumilia mapigo bila kuvunjika. Udhaifu wake ni historia yake. Springi iliyobeba mizigo kwa miaka mingi inaweza kuwa na nyufa ndogo zisizoonekana, na springi mbili zilizotoka katika malori mawili zinaweza kuhitaji joto tofauti.

Njia bora ni kununua vipande vipya vya feleji ya 5160, ambayo ina kaboni ya asilimia 0.56 hadi 0.64 na kromiamu ya asilimia 0.7 hadi 0.9. Mahali ambapo hakipatikani kitu kingine isipokuwa springi kuukuu, ikague kwanza. Isugue ing'ae, ipake mafuta ya taa, iache kwa muda, ipanguse kabisa, kisha ipake chaki. Penye ufa mafuta hutokeza na kuilowesha chaki. Kata kipande kidogo, kipashe hadi kisishikwe tena na sumaku na kuzidi kidogo hapo, kizamishe kwenye mafuta, kisha kibane kwenye jiriwa na ukivunje kwa nyundo. Feleji nzuri iliyopashwa kwa kiasi huonyesha mvunjiko wa kijivu laini. Chembe kubwa zinazometa ni dalili kwamba moto ulizidi, na kipande kinachopinda bila kuvunjika hakina kaboni ya kutosha. Ukinunua springi kadhaa za aina moja kwa mpigo, jaribio hilo moja litakutosha kwa visu vingi.

Vyuma vya reli na nondo za ujenzi sivipendekezi. Reli ni kazi kubwa kuifua hadi kufikia unene wa kisu, na nondo za kawaida hazina kaboni ya kushika makali.

Hatua ya tatu: kufua

Pasha feleji hadi iwe ya rangi ya machungwa iliyokolea, karibu nyuzi 1,100 za Selsiasi, na uache kupiga inapoanza kuwa nyekundu, chini kidogo ya nyuzi 870. Mapigo kwenye chuma kilichopoa hupanda nyufa ambazo utaziona baadaye, wakati wa kukitia maji. Mkaa wa miti unatosha kabisa, mradi mvukuto au feni isipulize hewa kwa nguvu hadi cheche zianze kuruka kutoka kwenye chuma chenyewe, kwani kufikia hapo kaboni inaungua.

Mpangilio wa kazi una maana. Fua kwanza msuka, yaani sehemu inayoingia kwenye mpini, kisha punguza unene kuelekea ncha kwa kupiga pande zote mbili sawasawa, na upunguzaji huo ukamilike kabla hujagusa makali. Baada ya hapo pinda kisu kuelekea upande wa makali, tena ukipinde zaidi ya kigezo. Sababu ni kwamba unapofua upande wa makali kuwa mwembamba, upande huo hurefuka na kukisukuma kisu kirudi nyuma kuelekea mgongoni. Asiyetangulia kuzidisha mpindo huishia na panga lililonyooka, kisha hulazimika kulipinda likiwa tayari jembamba, na hapo ndipo mikunjo na nyufa huingia karibu na tumbo. Kiasi cha kuzidisha hutegemea upana wa ubapa na unene unaouacha, kwa hiyo linganisha na kigezo kila unapokitoa kisu motoni.

Acha makali yakiwa na unene wa milimita 1.5 hadi 2. Ukiyafua membamba zaidi yatapinda au kupasuka wakati wa kutiwa maji.

Kuhusu mifereji ya ubavuni, ile inayoonekana kwenye khukuri za tin chirra zenye mifereji mitatu, au bonde la nundu katika Ang Khola, mafundi wengi wa leo huichonga kwa grinda kama pambo. Kazi yake ya asili ilikuwa kupunguza uzito huku mgongo ukibaki mgumu kupinda. Ukiamua kuiweka, iwe na kina cha kweli, na ndani isiwe na pembe kali.

Hatua ya nne: kaudi

Kaudi ni lile pengo dogo chini ya makali, karibu na mpini. Maelezo ya asili yake ni mengi. Wengine hulihusisha na Shiva, wengine na ukwato wa ng'ombe, wengine husema huzuia damu na utomvu visifike mkononi. Kwa mhunzi jambo la msingi ni jingine. Pengo lolote kwenye ukingo wa ubapa hukusanya nguvu za pigo mahali pamoja, na likiwa na pembe kali ndani yake, huwa chanzo cha ufa. Lichonge kwa tupa ya mviringo, hakikisha kila kona ya ndani ina duara la angalau milimita 1.5, kisha sugua kwa msasa mpaka mikwaruzo ya tupa itoweke. Hata mkwaruzo mmoja uliokaa kikingamo unatosha kuanzisha ufa. Feleji inayolizunguka isikomazwe, na hilo linatupeleka kwenye hatua iliyo ngumu kuliko zote.

Hatua ya tano: kutuliza na kutia maji

Ufuaji huiacha feleji ikiwa na chembe zisizolingana na mikazo iliyojificha. Kabla ya kuikomaza, itulize: ipashe hadi nyuzi 870, iache ipoe hewani mahali pasipo upepo, kisha rudia mara mbili kwa joto linalopungua kidogo kila mara. Kazi hiyo hutumia mkaa kidogo na muda mfupi, lakini ndiyo inayorukwa mara nyingi katika karakana zenye haraka. Khukuri iliyopinda baada ya kutiwa maji mara nyingi ni ile ambayo haikutulizwa.

Njia ya jadi ya Kami ni ya ustadi mkubwa na inastahili kueleweka kabla ya mtu kuiacha. Mhunzi hupasha kisu kizima mpaka kiive rangi moja, hukishika kwa koleo huku makali yakitazama juu, kisha humimina maji membamba kwa birika kwenye ukingo wa makali peke yake, akianzia tumboni na kwenda pande zote mbili. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu, na mgongo hubaki na joto. Joto hilo hurudi taratibu kuelekea makalini na kuyapunguzia wepesi wa kuvunjika. Mhunzi husugua ubapa ung'ae, hutazama rangi zikipanda, na zikifika zinapotakiwa humimina tena maji kusitisha safari ya joto. Matokeo yake ni kisu chenye ugumu wa aina kadhaa: tumbo kwenye kipimo cha Rockwell C cha takriban 55 hadi 58, ncha na eneo la kaudi pakiwa laini zaidi, na mgongo ukiwa laini kabisa kiasi cha kumeza mshtuko. Hakuna tanuri la umeme linalotoa mpangilio huo bila msaada wa mkono.

Udhaifu wa njia hii uko katika mambo mawili. Maji ni makali mno kwa feleji yenye kromiamu, hasa kwenye ncha nyembamba. Na rangi ya chuma kilichoiva husomwa vibaya penye mwanga wa jua. Maboresho ninayoyapendekeza hayaiondoi birika pale inapofaa. Ukitumia feleji ya kaboni tupu kama 1075, endelea na maji, ila yawe ya vuguvugu. Ukitumia 5160, tengeneza karai refu la mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60, na uzamishe makali peke yake kwa kina cha theluthi moja ya ubapa, ukikitikisa kisu mbele na nyuma kama saa inavyoyumbisha timazi yake ili mkunjo wa tumbo na ncha vyote vipate mafuta. Mgongo ukipoteza wekundu wake wote, zamisha kisu kizima. Fanya kazi hii jioni au ndani ya kibanda chenye giza. Joto linalotakiwa kwa 5160 ni nyuzi 815 hadi 845. Sumaku huacha kushika karibu na nyuzi 770, kwa hiyo pandisha rangi kidogo tu baada ya sumaku kukataa. Weka mfuniko wa bati karibu na karai, kwani mafuta huwaka, na kamwe usiyazime kwa maji.

Mara tu kisu kikipoa kiasi cha kushikika, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama inayopita juu ya kioo, ugumu umepatikana. Ikiuma, rudia kupasha. Kisha usikiache kilale hivyo hadi kesho, kwa sababu feleji iliyokomaa bila kupashwa tena inaweza kupasuka yenyewe usiku. Kiweke kwenye oveni ya kawaida ya jikoni iliyothibitishwa kwa kipimajoto cha pembeni, kwa nyuzi 220 hadi 240, muda wa saa mbili, kiache kipoe, kisha rudia mara ya pili. Mwishowe laza makali ndani ya sinia la maji na upashe mgongo, ncha na eneo la kaudi kwa moto wa gesi mpaka rangi ya buluu itokeze, ukihakikisha rangi hiyo haikaribii makali.

Hatua ya sita: kusaga na kutia makali

Grinda imeharibu khukuri nyingi ambazo moto haukuziharibu. Mhunzi anaweza kukomaza makali vizuri, kisha msaidizi wake akayasaga kwa haraka hadi yakageuka buluu kwenye ukingo, na hapo ugumu wote umepotea ingawa kisu kinang'aa. Kanuni ni rahisi kutekeleza: shika kisu bila glavu, chovya majini kila baada ya mpito mmoja au miwili, na malizia milimita ya mwisho kwa mkono juu ya kinoo au msasa uliolazwa juu ya ngozi. Ubavu uliomalizika kwa msasa wa namba 400, mistari yake ikifuata urefu wa kisu, ni bora kuliko mng'ao wa kioo unaoficha mabonde na kuonyesha kila mkwaruzo baada ya siku ya kwanza ya kazi.

Ubavu wa makali uwe na mbinuko mdogo, kwa sababu mbinuko huusukuma mti pembeni na kukizuia kisu kisinase. Nyuma kidogo ya ukingo wenyewe, unene uwe kama milimita 0.8 hadi 1 kwenye tumbo, na milimita 0.5 katika sehemu iliyonyooka karibu na mpini. Pembe ya jumla iwe nyuzi 35 hadi 40 tumboni, na 30 kwenye sehemu ya kuchongea. Kuyagawa makali kwa kanda namna hii hakuongezi gharama yoyote, na bado visu vingi vya dukani vina pembe moja butu kuanzia kaudi hadi ncha.

Hatua ya saba: mpini

Hapa ndipo malalamiko mengi ya watumiaji yanapoangukia, na kwa haki. Mpini wa jadi una pete ya kuchonga katikati, na kitako chake hutanuka na kufunikwa kwa bamba la shaba liitwalo chapri. Kutanuka huko ni kuzuri, kwani huzuia kisu kuchomoka wakati wa kupiga. Kinachoumiza ni kingo za chapri zinazoachwa kali, na pete iliyochongwa juu mno, ambavyo humchubua mtu katika nusu saa ya kwanza ya kufyeka. Duarisha kingo zote za chapri, punguza pete hadi ibaki kama wimbi dogo, na ufanye umbo la mpini ukikatwa kikingamo liwe kama yai, sehemu nyembamba ikiwa upande wa makali, ili mkono utambue uelekeo wa kisu hata gizani.

Msuka una aina mbili kuu. Mmoja ni mwembamba, hupita ndani ya mpini na kufungwa kwenye chapri. Mwingine, wa aina ya panawal, ni bapa lenye upana wa mpini wenyewe, na mbao mbili hubanwa kwa ribiti pande zake. Wanunuzi wa kigeni huamini kwamba panawal ndiyo imara. Ni kweli kwamba ikivunjika mbao msuka unabaki, lakini chuma hicho cha ziada hukaa nyuma ya mkono, huhamisha uzito kutoka mbele, na hupeleka mtikisiko moja kwa moja kiganjani. Kwa kisu cha gramu 500 mimi nachagua msuka wa ndani, mradi uwe na upana wa sentimita 1.5 au zaidi pale unapoanzia, na pembe za mabega yake ziwe zimeduarishwa. Ukichagua panawal, upunguze unene kuelekea kitako na utoboe matundu machache ndani yake.

Laha, gundi ya asili inayoyeyushwa na kumiminwa kuzunguka msuka, ina faida ya kurekebishika: mpini ukilegea, unaupasha, unausukuma, unapoa. Hasara yake ni hiyohiyo. Khukuri iliyoachwa ndani ya gari juani inaweza kulegea yenyewe, na kwenye baridi kali laha hupasuka. Epoksi inayokauka polepole, kwa saa 24, ni imara zaidi, ila msuka usuguliwe kwa msasa mkavu na kufutwa kwa spiriti kwanza, na ncha ya msuka igongwe juu ya chapri ili gundi isibebe kazi peke yake.

Mti wa kawaida ni sisau, ambao kitaalamu ni Dalbergia sissoo, ndugu wa mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon. Yote miwili imo tangu mwaka 2017 katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo anayesafirisha mbao zake au vipini nje ya nchi aulize kwanza kama anahitaji hati. Mpingo ungeonekana kuwa chaguo la kupendeza, lakini ni mzito na hukifanya kisu kielemee nyuma, kwa hiyo utumie tu ikiwa umeuchonga mwembamba. Pembe ya nyati-maji huvutia macho na hushikika vizuri ikiwa na unyevu, ila hunywea na kupasuka inapohamishwa kutoka nchi yenye unyevu hadi nchi kavu. Kwa kisu cha kazi chagua mbao iliyokaushwa vizuri, iliyopakwa mafuta ya kitani mara kadhaa, bila vanishi inayoteleza.

Hatua ya nane: jaribu kabla ya kupamba

Khukuri ijaribiwe ikiwa bado haijang'arishwa. Kata gogo kavu lenye mafundo kwa mapigo mazito, kisha kagua makali chini ya taa. Yakiwa yamelala upande mmoja, ni laini mno au ni membamba mno. Yakiwa na vijipengo, ni magumu mno. Katika hali ya pili ongeza joto la oveni kwa nyuzi 15 na ujaribu tena. Piga pia ubapa kwa ubavu wake kwenye gogo, kagua mabega ya msuka na eneo la kaudi, na sikiliza mpini: mlio wa mtikisiko ndani yake unaonyesha kwamba gundi haikujaa. Andika katika daftari aina ya feleji, joto, mafuta na matokeo, na uchonge namba ya kisu mgongoni, karibu na mpini. Unapofua cha pili, badilisha jambo moja pekee, la sivyo hutajua ni lipi lililoleta tofauti.

Hatua ya tisa: karda, chakmak na ala

Visu viwili vidogo vinavyokaa nyuma ya ala vimegeuzwa kuwa mapambo. Karda, kisu kidogo cha kazi nyepesi, mara nyingi hutengenezwa kwa chuma laini kisichokata. Ifue kutoka kwenye mabaki ya feleji ileile, na uikomaze zaidi kidogo kuliko khukuri yenyewe. Chakmak, chuma butu cha kunyooshea makali na kupigia cheche, lazima iwe ngumu kuliko makali, kwa hiyo ipashe tena kwa nyuzi 180 tu au chini ya hapo. Makali ya khukuri hulala kabla ya kumeguka, na mapito machache ya chakmak huyarudisha bila kunoa.

Ala hutengenezwa kwa vipande viwili vya mbao nyepesi vilivyofunikwa ngozi ya nyati-maji. Ugumu wake ni kwamba tumbo pana lazima lipite kwenye mdomo, na kwa hiyo shingo nyembamba hubaki ikicheza. Chonga mbao kwa ndani ukifuata kigezo cha bati, ukiacha njia ambayo mgongo utateleza huku makali yakielea bila kugusa, na kisu kibanwe pembeni na ubapa wenyewe. Kisha weka kamba ya ngozi yenye kifungo kwenye mpini. Upande wa makali, ndani ya mshono, tia utepe mwembamba wa ngozi ngumu, kwa sababu khukuri inayochomolewa vibaya inaweza kukata mshono na kutokeza nje. Kwa sababu hiyohiyo, anayechomoa ashike ala upande wa mgongo, vidole visizunguke upande wa makali hata kidogo. Mfundishe hivyo kila unayemkabidhi.

Feleji hii hushika kutu. Baada ya kazi, hasa baada ya kukata nyama, matunda yenye asidi au mti mbichi, kisu kioshwe, kikaushwe na kupakwa mafuta mepesi. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga, Unguja au mahali pengine penye hewa ya chumvi, kisihifadhiwe ndani ya ala, kwani ngozi hutunza unyevu dhidi ya ubapa. Kifungwe kwa kitambaa chenye mafuta na kitundikwe mahali pakavu, ala ikiwa kando yake.